Milimita 31 za Ugomvi

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika Kaunti ya Migori na 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay. Makarani waliuliza mengi: umesoma mpaka wapi, nyumba imeezekwa kwa nini, choo ni cha aina gani, una mbuzi wangapi. Swali la fundi wa erio walilisahau. Wangeliuliza, wangepata jibu lilelile kutoka Isebania hadi Mbita. Katika kaunti hizi mbili hakuna mtu asiye fundi wa erio, awe katekista, muuza omena, askari wa kaunti au mtoto wa gredi ya pili. Nasema kwa ushahidi, maana karibu wote wameshaitia mkono antena ya mashua ya mpwa wangu.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Homa Bay. Mashua yake ni ya kuchezea, ile inayoendeshwa kwa rimoti. Aliletewa na baba yake mdogo anayefanya kazi Doha, bwana ambaye kila akija likizo huleta kitu kinachokula betri, kisha huondoka kabla hakijaharibika. Kikiharibika, simu inapigwa Migori. Nimejaribu kumweleza dada kwamba Migori hatuna kiwanda cha mashua. Tuna sukari Awendo, tuna dhahabu Macalder, na mvua ikinyesha tuna matope ya kuuza nje. Hasikii. "Wewe ni nera wake," ananiambia, na kwa Wajaluo ukishaitwa mjomba hivyo, mjadala umefungwa.

Sasa, ndani ya mashua hiyo mna kipokezi, kiboksi kinachotoshana na kiberiti. Kazi yake ni kusikiliza rimoti inasema nini, kisha kupitisha amri kwa mota na usukani. Ubavuni mwake unatoka waya mweusi mwembamba. Huo ndio antena. Mpwa wangu aliutazama akaamua ni mpini, akawa anaibeba mashua kwa waya huo, pua chini, kama kuku anayepelekwa kwa wakwe. Waya ukakatika.

Ubaya wa antena iliyokatika ni unafiki wake. Mezani kila kitu kinafanya kazi. Mota inavuma, usukani unageuka kushoto na kulia, watoto wanashangilia, na mjomba aliyelipa nauli kutoka Migori anaambiwa, "Si unaona iko sawa?" Ipeleke majini. Hatua chache kutoka ufukweni, kipokezi hakisikii kitu. Vipokezi vya siku hizi vikipoteza rimoti huzima mota vyenyewe, ili chombo kisije kikakimbia ovyo na kumjeruhi mtu. Wazo zuri hilo, ila aliyelibuni hajafika Homa Bay. Hapa mota ikizimwa, upepo unashika usukani, na upepo wa ghuba hii una steji moja tu: gugumaji.

Basi mashua ikaenda kutulia katikati ya gugumaji, nasi tukabaki ufukweni tumeshika rimoti isiyo na wa kumwamrisha. Kuifuata kwa miguu haikuwezekana. Ghuba ya Homa Bay ina viboko, na kiboko hajali kama wewe ni nera wa nani. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alikubali kwenda na mtumbwi, kwa malipo ya samaki ambaye angemvua kwa muda huo. Samaki huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mbuta mkubwa ajabu.

Ndipo kongamano lilipoanza. Mama aliyekuwa anaanika omena aliitazama mashua mara moja, akatoa hukumu: "Hiyo erio ni fupi." Kijana wa bodaboda akaunga mkono, akaongeza kwamba dawa ni waya wa shaba wa kutoka kwenye mota iliyoungua, na uwe mrefu. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kama tumejaribu kuufunga kwenye kifuniko cha sufuria. Shemeji, ambaye kazi yake ni kuuza mbolea, alisema neno moja tu, lakini kwa uzito wa mtu mwenye nyumba: "Ongeza." Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwa na urefu gani kabla ya kukatika.

Chanzo cha maradhi haya nakijua. Sisi wote tulilelewa tukiwa vipuri vya televisheni. Baba yuko ndani kwenye kiti, mtoto yuko nje anazungusha mlingoti, na mawasiliano ni ya kupigiana kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo! Umepita! Rudi! Hapo hapo, usiguse!" Mtoto akiachia, picha inapotea. Kwa hiyo anaambiwa asiachie mpaka taarifa ya habari iishe. Mtu aliyewahi kuwa sehemu ya mtambo huwezi kumfundisha mtambo. Mwaka 2015 serikali ilizima matangazo ya analogia, watu wakanunua ving'amuzi, na mlingoti ukaendelea kuzungushwa kwa sheria ileile moja tuliyorithi: ndefu ndiyo bora.

Marehemu babu naye alikuwa muumini. Akitaka Idhaa ya Taifa katika masafa ya kati, aliivuta erio ya redio hadi kipande cha mwisho, polepole, kwa heshima zote. Erio ile haikumsaidia hata chembe. Mawimbi ya masafa ya kati yana urefu wa mamia ya mita, na redio ndogo huyanasa kwa kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, kilicholala ndani ya boksi. Kilichomletea habari ni kule kuigeuza redio nzima huku na huku juu ya meza. Lakini kijiti hakionekani na erio inang'aa, kwa hiyo sifa zote zikaenda kwa erio.

Nikairudisha mashua Migori. Safari ya matatu kutoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany na Rongo si mbaya ukiwa mikono mitupu. Ukiwa umepakata mashua, wewe ni mali ya umma. Abiria wa kulia alitaka kujua inabeba kilo ngapi. Wa kushoto aliuona ule waya uliokatika, akauvuta kidogo kwa vidole viwili, akauliza, "Na hii inashika Ramogi FM?" Nikamwambia haishiki. Akatikisa kichwa kwa huruma: "Erio yake ni fupi."

Migori nina fundi wangu wa redio. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa bado ana pasi yangu ya nguo. Nilimweleza taratibu kwamba antena hii ina kipimo chake na ninataka irudi ilivyokuwa. Alinisikiliza jinsi daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyesoma dalili zake kwenye simu. Nilipotoka mara moja kununua maji, nikarudi nikakuta ameshaleheimu kwenye kipokezi ile erio ya kuvuta, ya chuma, aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Akaivuta mpaka mwisho ikafika karibu na kidevu chake. "Sasa hii," akasema, "itashika mpaka Tanzania."

Nikamwambia Tanzania ina mashua zake. Yangu inatakiwa inishike mimi niliyesimama ufukweni. Akasema urefu huo ameniongezea bure, lehemu tu ndiyo ya kulipia. Nikairudisha Homa Bay. Majini mashua ililala ubavu kwa uzito wa chuma, ikaanza kunywa ziwa, na kipokezi kikawa kinasikia vibaya kuliko kilipokuwa na kisiki cha waya. Shemeji aliyeshuhudia alifikiri kidogo, kisha akasema labda tungetafuta ndefu zaidi.

Naomba sasa tufanye hesabu, ya kugawanya tu. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, yawe ya Ramogi au ya Doha. Ukitaka urefu wa wimbi moja kwa mita, chukua 300 ugawanye kwa idadi ya megahezi. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Antena nyepesi ya kawaida hutaka robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Kapime erio ya redio yako ikiwa imevutwa yote: mara nyingi utaikuta inakaribia hapo. Walioitengeneza hawakuwa wanaikadiria kwa macho.

Magari ya kuchezea ya zamani, yale ya rimoti yenye fimbo ndefu iliyokuwa ikichoma macho ya ndugu zetu wadogo, mengi yalitumia megahezi 27. Wimbi lake ni mita 11 na kitu, robo yake ni karibu mita 2.8. Hakuna gari la kuchezea linaloweza kubeba fimbo ya mita 2.8 likapita chini ya kitanda, kwa hiyo kiwandani walizungusha waya kwenye koili ili antena fupi ijione ndefu. Hapo ndipo macho yetu yalipozoea fimbo. Lakini rimoti za leo nyingi hutumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi. Gawanya 300 kwa 2,400: sentimita 12.5. Robo yake ni milimita 31. Basi. Hakuna nyingine iliyofichwa. Ukiiongeza ovyo haisikii zaidi, inapoteza tu ulingano na wimbi lake.

Kinachowachanganya watu ni kwamba waya wenyewe ulipotoka kiwandani ulikuwa mrefu kuliko hapo. Uchunguze kwa karibu utaona una tabaka. Nje kuna ngozi nyeusi, chini yake wavu wa nyuzi za shaba zilizosukwa, kisha ngozi nyingine nyeupe, na katikati uzi mmoja wa shaba. Sehemu yenye wavu haisikilizi chochote, ni njia ya kupitishia tu. Antena ni ile ncha ya mwisho, milimita 31, iliyovuliwa ngozi ya nje na wavu wake, ikabaki na ile nyeupe. Mpwa wangu aliuvunja pale ncha inapoanza, basi masikio yote yakaenda, ikabaki njia.

Aliyeniokoa ni kijana wa kutengeneza simu mjini Homa Bay, mwenye kibanda kinachotosha yeye, kiti na hadubini. Watu humdharau kwa sababu hana mlingoti. Nilipomwonyesha kipokezi hakusema fupi wala ndefu. Aliuliza swali ambalo kongamano zima la ufukweni halikuwahi kuliuliza: "Ni masafa gani?" Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika chuma cha moto.

Alifungua boksi la maiti chini ya meza, akatoa ruta ya Wi-Fi iliyopigwa na radi. Ndani yake kulikuwa na nyaya nyembamba nyeusi, ndugu wa damu wa waya wangu, maana nazo zilizaliwa kwa gigahezi 2.4. Aliukata mmoja, akatoa masalia ya lehemu ya fundi wa Migori bila kutoa maoni, na huo ndio ustaarabu. Kipokezi changu kilikuwa na kile kitundu cha shaba cha milimita mbili hivi ambacho waya hubanwa juu yake kwa kidole. Kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya umekipoteza. Kilikuwa kimepinda. Akakinyoosha chini ya hadubini kwa koleo jembamba, akausukuma waya, nikasikia kijimlio, tik. Kisha akachukua rula ya shule, ile ya mwanafunzi, akapima milimita 31 kutoka nchani, akazungusha wembe kwenye ngozi ya nje bila kugusa ya ndani, akaivua pamoja na wavu, akakata nyuzi zilizochomoza moja moja ili zisiguse uzi wa katikati. Nyuzi hizo zikigusana, kazi yote ni bure.

Akanidai mia tatu. Wakati nalipa, watu wawili waliokuwa wanangoja simu zao waliangalia kile kincha. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kunihurumia, "Umelipa mia tatu kukatiwa waya?"

Kijana aliniongezea ushauri mmoja bure, nao una thamani kuliko lehemu. Gigahezi 2.4 na maji hawapatani. Maji huyameza mawimbi hayo ndani ya sentimita chache tu, kwa hiyo antena ikilala sakafuni mwa mashua, chini ya usawa wa maji, ni kama haipo. Isimamishe. Iweke mbali na nyaya za mota na betri, na ncha isiguse chuma. Tukachukua mrija wa soda, tukaugundisha wima nyuma ya kibanda cha mashua, tukaupitishia waya ndani, milimita 31 zikabaki zimesimama juu kabisa.

Na hapo ndipo ninapowaomba wazee wangu msamaha, kwa masharti. Ule mlingoti wa mianzi wa utotoni ulisaidia kweli. Mawimbi ya televisheni husafiri yakiwa yamenyooka. Yakikutana na kilima kama Asego, aliye nyuma ya kilima anabaki na chenga. Kupandisha erio ni kuipitisha juu ya mabati ya jirani na matawi ya mwembe ili imwone mtangazaji. Kilichotuletea picha ni kimo cha mahali erio iliposimama. Vile vijiti vyake vya kulala havikuongezewa hata ukucha, vilibaki na vipimo vya kiwandani. Sisi tukaona nguzo ndefu, tukahitimisha kwamba waya mrefu ndio ujanja, na kwa kosa hilo la hesabu nimelipia chuma cha kufika Tanzania.

Mashua sasa inakwenda. Ilipoondoka ufukweni na kukata kona yenyewe, yule mama wa omena aliacha kazi yake akauliza kama nyawawa, wale pepo wa usiku, wameanza kuja mchana, akaangalia pembeni kama kuna sufuria ya kugonga. Simlaumu. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mashua ya aina hii katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akaiendesha kwenye kidimbwi bila waya, na inasimuliwa kwamba watu waliovaa kofia ndefu na miwani ya dhahabu nao walishuku uchawi. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemfuata Tesla kumwambia aongeze erio.

Wala sisi si wa kwanza kupeleka chombo kisicho na mtu juu ya ziwa hili. Mwaka 2018, upande wa Tanzania, ndege isiyo na rubani ilibebeshwa dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Nilimsomea shemeji habari hiyo nikitarajia aone haya. Akaniuliza ndege hiyo ilikuwa na erio ya urefu gani.

Shida iliyobaki ni sifa. Habari zimesafiri kutoka Homa Bay hadi Migori kwa kasi ile ya kilomita 300,000 kwamba kuna nera anayejua mambo ya erio. Naletewa redio za gari, rimoti za geti, simu zilizoanguka chooni. Jirani alinikabidhi king'amuzi nikiwa natoka kanisani. Nikieleza masafa, wananiangalia. Nikitaja milimita, wanaitazama saa. Wanachotaka ni nipande juu ya paa nizungushe.

Juzi dada alipiga simu usiku. Upepo wa mvua umeuangusha mlingoti, televisheni haionyeshi kitu, mechi ni Jumamosi, na shemeji amesema wasimlipe fundi maana mimi nipo. Nilimwambia sihitajiki. Kwa kazi hiyo atafute mtu mrefu.